Mzazi Akiugua Minnesota Bila Bima

Nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zina mtu Minnesota, hasa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis. Wazee wetu huenda huko kuwaona wajukuu. Presha ikipanda ghafla na bima hakuna, swali huwa moja: hospitali itampokea?

Itampokea. EMTALA, sheria ya Marekani ya mwaka 1986, inazilazimu hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, na zenye idara ya dharura kumpima kila anayefika na kumtibu mpaka hali itulie, awe na pesa au hana, viza iwe hai au imekwisha. Kifua kikibana au mdomo ukienda upande, pigeni 911 papo hapo. Kiharusi hakingoji mtu amalize kuogopa bili.

Bili itakuja, na huenda ikatisha. Hapo ndipo tunapoharakisha kuitisha harambee kabla ya kuuliza lolote. Hospitali za Marekani zisizo za faida, zilizosamehewa kodi, lazima ziwe na sera ya maandishi ya kumpunguzia au kumfutia bili asiyejiweza. Ombeni fomu ya “financial assistance.” Hupokelewa hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza tangu mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani. Masharti hutofautiana, na baadhi ya hospitali hutaka mkazi wa eneo lao, basi someni kwanza. Ombeni pia mchanganuo wa kila huduma, na msilipe kwa kadi ya mkopo kabla ya jibu.

Kwa wanaoishi huko bila makaratasi, MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo hilo, ilifunguliwa Januari 2025, lakini watu wazima wakaondolewa mwaka huo ulipokwisha. Watoto wa chini ya miaka 18 wakabaki.

Kabla mama hajapanda ndege, mnunulieni bima ya wageni. Someni kifungu cha magonjwa ya zamani, kwa sababu presha na sukari mara nyingi hazilipiwi. Abebe dawa za kutosha na orodha yenye majina ya dawa zenyewe, si ya kampuni pekee.

Hospitalini aombe mkalimani wa Kiswahili au Ekegusii, bila malipo. Mjukuu wa miaka kumi asibebeshwe kazi ya kumwambia nyanyake ana saratani. Akiruhusiwa, achukue nakala ya rekodi zake zote. Daktari atakayeendelea naye Kisii atahitaji kujua alipimwa nini na alipewa dawa gani.