Rozela imedondosha maua

*Nimepanda rozela kwa ajili ya juisi. Maua yalichanua asubuhi, kesho yake nikayakuta chini. Je, mavuno yamepotea? Msomaji, Morogoro*

Hujapoteza kitu, dada. Kilichodondoka ni petali, yale majani laini ya rangi yanayoita nyuki. Za rozela hudumu siku moja tu. Juisi haitoki humo. Inatoka kwenye sepali, vijani vya nje vilivyolifunika ua lilipokuwa tumba. Kwa mimea mingi sepali ni za kijani na hakuna anayezitazama, lakini za rozela hunenepa, zikawa nyekundu na chachu, zimekumbatia tunda la mbegu. Subiri takriban wiki mbili hadi tatu, uzichume zikiwa bado laini, kabla tunda halijakauka. Matumba yakidondoka kabla ya kuchanua, hapo mwite bwana shamba.