Mfumo wako wa oda hauioni kanzidata? Anza hapa

Wapambanaji, hii ni kwa wale mnaojitengenezea mfumo wa oda kwenye kompyuta yenu wenyewe. Uzuri wake bando likiisha kazi inaendelea, na huku Lufingo tunajua umuhimu wa hilo.

Sasa iko hivi. Mfumo unaoufungua kwenye brauza ni kama kijana wa dukani. Kanzidata ndiyo stoo: maparachichi mangapi, nani kalipa, nani anadaiwa. Kijana hafunguliwi stoo mpaka ajue vitu vinne: stoo iko wapi, anaingia kwa jina gani, neno la siri lipi, na chumba kipi.

Ukiweka XAMPP (ni ya bure), mahali ni localhost, yaani kompyuta hiyohiyo. Jina ni root. Neno la siri hakuna, unaacha wazi. Chumba ni jina uliloipa kanzidata yako, tuseme duka. Kwenye PHP ni mstari mmoja tu:

$db = new mysqli("localhost", "root", "", "duka");

Ikigoma usifute mfumo mzima jamani, soma kwanza kilichoandikwa. Ukiona neno "refused", stoo imefungwa: nenda kwenye paneli ya XAMPP, washa MySQL. (Ndani ni MariaDB, isikuchanganye.) "Access denied" ni jina au neno la siri. "Unknown database" ni chumba, angalia herufi moja moja.

Kwenye simu ukiandika localhost haitafunguka, maana hapo simu inajitafuta yenyewe. Tumia namba ya kompyuta kwenye waifai yenu, mara nyingi inaanza na 192.168.

Umeme ukikatika ghafla kanzidata inaweza kuharibika na isiwake tena. Kila jioni ingia phpMyAdmin, bonyeza Export, hifadhi faili kwenye flashi.

Na huyo root asiye na neno la siri ni wa kujifunzia tu. Humo kuna majina na namba za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu hata sisi wadogo. Kabla hujaupeleka mfumo mtandaoni, nenda phpMyAdmin sehemu ya User accounts, tengeneza mtumiaji mwingine mwenye neno la siri gumu, mpe ruhusa kwenye kanzidata ya duka peke yake, halafu badilisha ule mstari wa juu.