Wanja: Rangi Ipi Itakufaa, na Upi wa Kuogopa?

Akina dada wengi hapa Nakuru wakishamaliza kunieleza ugonjwa uliowaleta kliniki, huwa na swali moja la mwisho ambalo huliuliza huku wakicheka: "Daktari, wanja wa rangi gani unafaa macho yangu?" Huenda ukadhani kwamba swali hilo ni la msusi. La hasha. Hakuna kipodozi kinachopakwa karibu na kiungo chororo kama wanja, na rangi itakayokupendeza hutegemea sana hali ya macho yenyewe.

Chukua kioo usimame mlangoni asubuhi, jua likiwa limechomoza. Usijitazame chini ya taa za dukani, kwa maana taa hizo hubadilisha rangi, na wanja ulioonekana wa buluu kwenye kaunta huenda ukawa mweusi ukifika nje. Kwa wengi wetu mboni ni za kahawia, rangi isiyogombana na nyingine yoyote, kwa hivyo haitakuongoza sana. Tazama mambo mawili: weupe wa jicho na rangi ya ngozi ya kope.

Weupe wa jicho la mkazi wa Bonde la Ufa ni nadra kuwa mweupe kama karatasi. Tunaishi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jua ni kali, na vumbi tunalijua. Inasemekana kwamba jina Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na yeyote aliyetembea mjini mwezi wa Januari upepo ukivuma hatabisha. Madoadoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho la Mwafrika aghalabu ni rangi ya kawaida, ile ile iliyo kwenye ngozi. Kile kivimbe kidogo cha manjano kando ya mboni nacho huletwa na jua, upepo na vumbi la miaka mingi. Kwa kawaida havina madhara.

Ikiwa weupe wa macho yako una umanjano kidogo wa namna hiyo, jaribu wanja wa buluu nzito badala ya mweusi. Ni ujanja ule ule wa mama zetu waliotia buluu kwenye maji ya kusuuza mashati meupe ya shule: buluu hufifisha manjano, na kitu cheupe kikaonekana cheupe zaidi. Lakini umanjano ulioingia kwa siku chache tu, huku mkojo umekuwa na rangi ya chai kavu, si wa kufichwa kwa wanja. Huo ni dalili ya ugonjwa wa ini au wa damu, na unahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Ikiwa macho yako huwa mekundu mara kwa mara, ama kwa moshi, ama kwa mzio, ama kwa kukesha, jiepushe na rangi ya damu ya mzee, waridi na zambarau yenye wekundu. Rangi hizo huuamsha wekundu wa jicho, nawe utaulizwa kutwa nzima kama ulikuwa ukilia. Buluu nzito, kijani cha majani makavu au kahawia iliyokolea zitakutendea haki.

Kuhusu ngozi, kanuni ni kwamba wanja uipite ngozi ya kope kwa weusi au uachane nayo kabisa. Kahawia inayolingana na ngozi yako itapotea isionekane. Rangi za maziwa, kama samawati hafifu na kijivu cheupe, kwenye ngozi nyeusi huonekana kama majivu. Mwenye ngozi ya maji ya kunde anaweza kuchagua rangi ya kahawa iliyokolea, hasa kwa kazi za mchana ofisini, kwa maana nyeusi tupu huweza kumfanya aonekane mkali au mchovu. Mwenye ngozi nyeusi ya kung'aa, nyeusi humpendeza, na rangi ya bilinganya pia, mradi macho si mekundu.

Sasa tuje kwenye nyeusi yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nyeusi ya penseli za kisasa kwa kawaida hutokana na kaboni au oksidi za chuma. Wanja wa manga, ambao wengine huuita surma au kohl, ni jambo tofauti. Mwingi wake ni jiwe lililosagwa, na mara nyingi jiwe hilo ni madini ya risasi, ambayo hata Wamisri wa kale walijipaka maelfu ya miaka iliyopita. Huletwa na wasafiri kutoka Arabuni, Pakistan na Bara Hindi, katika vikebe vidogo vizuri, pengine bila jina la mtengenezaji. Sampuli nyingine zilizopimwa ng'ambo zilikuwa na risasi zaidi ya nusu ya uzani wake. Nchini Marekani, kohl haijaidhinishwa kuwa rangi ya vipodozi.

Msomaji huenda anakumbuka kisa cha kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi inayozungumzwa hapa ndiyo hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Wa kuhofiwa zaidi ni mtoto mchanga. Katika familia nyingi, mtoto hupakwa wanja akiwa na siku chache tu, ili macho yapate nguvu au kumkinga na jicho la hasidi. Sina ugomvi na mila wala na dini ya mtu. Lakini mtoto hujisugua macho, kisha kidole kikaingia kinywani, na tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano kuliko la mtu mzima. Risasi huzuia ubongo kukua inavyopasa. Mwanzoni hutaona kitu. Baadaye ndipo utakapoona upungufu wa damu, tumbo kuuma mara kwa mara, au mtoto aliye mzito wa kujifunza darasani, na hakuna atakayekumbuka kile kikebe. Mama mjamzito naye aache, kwa sababu risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ile iliyojificha mifupani mwake kwa miaka huweza kurudi katika damu wakati wa mimba.

Usidanganywe na mwenye duka anayeupaka kiganjani akakuambia huo ni safi. Kwa macho ya kawaida huwezi kuutambua wanja wenye risasi. Nunua wenye jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na alama ya shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, ingawa nayo alama hughushiwa, kwa hivyo duka linalojulikana ni bora kuliko mkoba wa mpita njia.

Baada ya kuupata, paka nje ya mstari wa nywele za kope. Siku hizi kuna mtindo wa kupaka wanja mweupe au mweusi kwenye ukingo wa ndani, pale penye unyevu, ili jicho lionekane kubwa. Ukingoni hapo kuna vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Ukiviziba kila siku, jicho litakauka na kuwasha, na katika vumbi letu utajuta. Isitoshe, tezi iliyoziba huweza kuleta chokea. Wala usijipake ukiwa ndani ya matatu. Tuta moja tu hapo Gilgil latosha kuitumbukiza penseli kwenye jicho.

Wanja si wa kuazimana, hata kwa dada wa tumbo moja. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na Mombasa, ilidhihirika jinsi maambukizi ya macho yanavyosafiri kwa vidole na vitambaa. Kijiti cha wanja ni njia nyingine. Kwa wenye jamaa katika sehemu za Baringo na Narok, ambako trakoma imesumbua kwa miaka mingi, tahadhari hii ni ya lazima. Wanja wa maji utupe baada ya miezi mitatu hivi. Penseli ichonge kila mara kabla ya kuitumia, na usiilowanishe kwa mate.

Jicho likiuma, likichukia mwanga, likitoa usaha au likiona ukungu, acha wanja wote na uende ukapimwe. Hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wengi wetu tungali tunaiita PGH, ina kliniki ya macho. Usikimbilie dawa ya matone uliyosikia kwa jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Hung'arisha jicho kwa siku mbili tatu, lakini yakitumiwa kwa miezi huweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya macho inayopofusha.

Na kama mtoto wako amekuwa akipakwa wanja wa manga, uache leo, muoshe uso na mikono, kisha umpeleke kwa daktari pamoja na kikebe chenyewe. Kipimo cha risasi katika damu kipo, ingawa si kila maabara hukifanya, na huenda damu ikalazimika kupelekwa Nairobi.