Kocha anafukuzwa, kisha anarudishwa: kwa nini?

SWALI: Timu za Ligi Kuu humfukuza kocha, baadaye zikamrudisha yuleyule. Sasa viongozi wa timu yetu hapa Mugumu nao wanataka kuiga. Kuna faida gani? – Msomaji, Serengeti, Mara

JIBU: Timu ikifungwa mfululizo, huwezi kufukuza kikosi kizima: wachezaji wana mikataba, na dirisha la usajili limefungwa. Kocha ni mmoja, hivyo jumba bovu linamwangukia yeye. Novemba 5, 2023 Simba ilichapwa na Yanga 5-1. Siku chache baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akaachishwa kazi. Uongozi ulipaswa kuwaonyesha mashabiki kwamba umechukua hatua.

Kumrudisha mtu nako kuna hesabu yake. Hans van der Pluijm aliinoa Yanga mwaka 2014, akaenda Saudi Arabia. Akaja Marcio Maximo, lakini Desemba mwaka huohuo, baada ya kufungwa na Simba 2-0 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, akaondolewa. Pluijm akarudi, na Yanga ikatwaa ubingwa wa 2014/15 na 2015/16. Wachezaji aliwajua, na presha ya Yanga aliizoea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Nyinyi wa Mugumu jiulizeni kwanza: mazoezi yanafanyika? Nauli na posho zinalipwa? Kama tatizo liko huko, hata kocha mpya atafungwa. Ikiwa kweli tatizo ni kocha, mlipeni haki yake na muagane vizuri. Huenda mkamhitaji tena.