Kabla Hujavuka Mabamba, Keti Tuongee



Mwezi huu swali limenifikia kwa sura tofauti, lakini ni lile lile. Mwalimu mstaafu wa hapa Kumsenga, mwenye miaka 63, anauliza kama bado hajachelewa kwenda kuhiji Namugongo, Uganda. Mama mjane wa Kasulu ana binti aliyeolewa Ruyigi, Burundi, wajukuu wamefika wanne, na yeye hajawahi kukanyaga ua wa binti huyo. Mwingine hana mtoto huko wala hija, anataka tu kuiona Kigali kwa macho yake kabla magoti hayajagoma. Huyo naye nampenda. Mwanamke wa umri wetu kusema "nataka kuona" bila kutaja msiba, harusi wala mgonjwa ni jambo ambalo hatukuzoezwa.

Nendeni, wote watatu. Ila tukae kwanza tuongee, kwa sababu sisi wa mpakani tuna mazoea mawili yanayotuponza. Burundi tunaiona karibu mno, tunavuka kama tunakwenda mashineni kusaga. Kigali na Kampala tunaziona mbali mno, tunasema hizo ni za vijana na wafanyabiashara, kwa hiyo hatuendi kabisa. Mnisikilize hapa: Burundi ni nje ya nchi, na Kigali si mbali.

Nianze na Burundi. Tumekua tukivuka kwenda kwenye masoko ya ujirani mwema na wao wakivuka kuja kwetu. Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani. Wenye umri wangu wanakumbuka wakimbizi walioingia mwaka 1972, tena 1993, na tena 2015 wakapelekwa kambi ya Nduta hapa hapa Kibondo. Tumewapa maji, tumelima nao, tumeoleana. Basi mtu anajiambia, kwa shemeji yangu naendea karatasi ya nini? Anashika njia ya panya, anavuka bonde na kitambaa chake kichwani, akitegemea kurudi jioni.

Mdogo wangu, usifanye hivyo, hasa wewe mwenye umri mkubwa. Kijana akikamatwa atalala mahabusu, atatoka, atasimulia. Wewe una presha. Na ule ule undugu wa lugha unaotufurahisha ndio utakaokuchongea: ukikutana na askari njiani wakati wa kurudi, Kiha chako hakimwambii kama umezaliwa Kumsenga au Gisuru ya upande wa pili. Karatasi ndiyo itakayokusemea. Na ukizidiwa na ugonjwa upande wa pili bila muhuri wowote wa kuingia, ndugu zako watahangaika mara mbili, kukutibu na kukueleza.

Karatasi zenyewe ni mbili za kuchagua. Ipo hati ya dharura ya safari, ya bei nafuu, inayomfaa mtu wa safari moja ndani ya Afrika Mashariki. Na ipo pasipoti ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ambayo ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kama nia yako ni kumwona mjukuu mara moja, chukua hati. Kama moyoni una Ruyigi, Kibeho ya Rwanda na Namugongo, usijibanie, uza mbuzi upate pasipoti. Ukiipata ukiwa na miaka 63 itakusindikiza mpaka 73.

Msidanganywe kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha kuvuka. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilizokubaliana mwaka 2014 raia wao watembeleane kwa kitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo. Lakini NIDA utaihitaji kuombea pasipoti, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Najua wengi wetu tulizaliwa nyumbani na cheti hatuna. Na kwa mkoa wetu wa mpakani, maofisa hujiridhisha kwanza kuhusu uraia wa mtu, jambo linaloweza kuchukua muda. Anza miezi kadhaa mapema. Nenda kwa mtendaji wa kijiji upate barua, na kama yupo mzee anayewajua wazazi wako na mahali walipozikwa, mwombe awe tayari kuitwa. Usikasirike ukiulizwa jina la babu yako. Lijibu vizuri, na la bibi uliongeze.

Habari njema ni kwamba viza hulipi. Chini ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine mwanachama bila ada na anaweza kupewa muda wa hadi miezi sita. Mtu akikudai hela ya kugongewa muhuri, omba risiti kwa adabu. Na kabla hujaondoka dirishani, fungua pasipoti uutazame muhuri: upo? Tarehe inasomeka? Vaa miwani usome. Usione haya kwamba foleni inakusubiri.

Sasa hili la chanjo nataka mlisome taratibu. Burundi na Uganda hutaka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ukirudi kwetu kutoka huko unaweza kuulizwa pia. Sindano moja inatosha maisha yote, utaratibu huo upo tangu 2016, hivyo mwenye kadi ya zamani asiitupe. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Lakini kwa mtu aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, chanjo hii ina hatari kidogo zaidi kuliko kwa kijana. Madhara makubwa ni nadra, ila yapo. Kwa hiyo usiende kuchomwa kimya kimya kwa sababu basi la hija linaondoka wiki ijayo. Mwambie daktari umri wako, maradhi yako na dawa unazomeza. Akiona haikufai, anaweza kukuandikia cheti cha msamaha wa kitabibu. Na kadi ununue ya halali baada ya chanjo ya halali. Kadi za vichochoroni haziwezi kukukinga na mbu.

Safari ya kwanza naishauri iwe Burundi kupitia mpaka wa Mabamba, kwa sababu lugha utaielewa na wasiwasi utapungua. Pita kwanza ofisi ya uhamiaji Kibondo uulize hali ya mpaka wiki hiyo. Upande wa pili ni Gisuru, kisha Ruyigi, na ukiwa na nguvu unaendelea hadi Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya nchi mwaka 2019. Miaka hii Burundi imekuwa na shida ya mafuta ya magari, kwa hiyo usipange kurudi siku ya mwisho kabisa ya ruhusa yako. Acha siku mbili za akiba. Binti wa Ruyigi akuulizie usafiri kabla hujatoka nyumbani.

Mkifika Gitega, ombeni mpelekwe Gishora. Ni kilima kisicho mbali na mji, ambako ngoma za wafalme zinatunzwa, na UNESCO iliuweka mchezo wa ngoma hizo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Wanaume wanaingia wamezibeba ngoma vichwani huku wanazipiga, mguu haukosei, na mmoja anaruka mbele hadi unajiuliza kama ana mifupa. Sisi wanawake tunatazama tu, maana amri ya mwaka 2017 inakataza wanawake kuzipiga. Mimi hilo silipendi na sitasema nalipenda, lakini mgeni hufuata desturi za mji. Pigeni makofi, maana makofi Waha tunayajua tangu kwenye salamu zetu.

Kutoka Burundi msidhani mtaunganisha moja kwa moja kwenda Rwanda. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda mwezi Januari 2024. Nimemsikia mama mmoja aliyepanga kutoka Gitega kwenda Kigali kwa basi, kwa sababu ramani ilimwonyesha ni karibu. Ramani haionyeshi geti lililofungwa. Ulizeni kwanza, na kwa usalama wa mpango wenu, rudini nyumbani mpumzike, kisha Rwanda iwe safari yake.

Ya Rwanda inapita Kakonko, Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, hadi Rusumo. Hapo Mto Kagera unaanguka kati ya mawe, na kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Rusumo ina kituo cha pamoja cha mpakani tangu 2016: mnavuka daraja kwanza, halafu upande wa Rwanda mnakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Wetu anakugongea kutoka, unasogea, wao wanakugongea kuingia. Wengi hupita dirisha la kwanza wakadhani wamemaliza. Hakikisha mihuri ni miwili.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, nasi tukafuata 2019. Funga vitu kwenye kitenge au kikapu.

Baada ya daraja, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara. Kwa kijana ni jambo la kushangaa kidogo, kwa mtu wa miaka 65 ni jambo la kufa na kupona. Maisha yako yote umezoea kutazama kulia kwanza ndipo uvuke. Ukishuka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi Kigali, shingo itageuka kulia yenyewe, na gari litakuja kutoka kushoto. Simama. Tazama kushoto, kulia, kushoto tena. Afadhali zaidi, vuka na watu, ukae katikati yao. Burundi nako ni hivyo hivyo. Uganda wanaendesha kama sisi.

Saa nazo zinabadilika: Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, Kigali ni saa mbili. Ukienda utafika mapema ukae bure. Hatari ipo wakati wa kurudi, ukikubaliana na mtu wa kukupokea upande wetu. Mwambie "saa za Tanzania" au "saa za Rwanda", mtajiane wazi. Pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja za nchi nzima, na magari husimama hadi kazi iishe. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Kwa Wakatoliki, Kibeho ndiko wengi wanakoelekea. Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule pale kuanzia mwaka 1981, na Kanisa lilitambua mwaka 2001. Sikukuu ya Agosti 15 huangukia kiangazi, njia kavu, na kwetu mavuno yameshaingia ndani. Novemba 28 ni siku kubwa pia, ila mvua ipo na Kibeho kuna baridi ya milima, kwa hiyo chukueni sweta, si khanga peke yake. Mkipita Kigali na roho zenu zikiruhusu, nendeni Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Wale waliokuwa Ngara na Benaco mwaka 1994, wakaona umati wa wakimbizi ukivuka daraja la Rusumo, watalia. Mwende na mtu wa kuwashika mkono, na siku hiyo msipange shughuli nyingine.

Mwalimu wangu wa Namugongo, njia yako ni Biharamulo, Bukoba, Mutukula, Masaka, Kampala. Ni ndefu. Lala Bukoba, usikubali kupelekwa mfululizo ili mtu aokoe hela ya gesti. Juni 3, siku walipochomwa mashahidi wa Uganda mwaka 1886, umati ni mkubwa na watu hulala nje. Kama miguu yako haipendi kusimama, nenda wiki nyingine, utasali kwa nafasi na kuliona eneo lote, upande wa Wakatoliki na upande wa Waanglikana pia, maana walikufa wa madhehebu yote mawili.

Kuhusu mambo ya mwili, najua tunaona haya kuyasema, nami nitayasema. Usiache kunywa maji eti ili usiombe basi lisimame.  Omba kiti cha njiani karibu na mlango, mwambie kondakta mapema kwamba utahitaji kushuka, na kila gari likisimama shuka utembee. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zizidi siku za safari kwa wiki nzima, pamoja na karatasi ya daktari. Kadi ya bima ya nyumbani usiitegemee kule, beba fedha ya hospitali mbali na fedha ya zawadi. Shona kimfuko ndani ya sketi, fedha kubwa na pasipoti viishi humo. Faranga badilisha benki au dukani penye risiti, hesabu noti palepale.

Nimeulizwa kuhusu Kongo. Iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025. Safari ya kwanza ya mtu mzima isiwe huko.

Limebaki la watoto. "Mama utapotea, mama utaibiwa, subiri nipate likizo nikupeleke." Wanasema kwa upendo, na likizo haiji. Usigombane nao. Tafuta mwenzako wa rika lako, mwende wawili. Waandikie watoto kwenye karatasi njia mtakayopita, namba ya pasipoti, jina la mwenyeji na siku ya kurudi, na nakala muachie balozi wa nyumba kumi. Mume akisema hawezi kula chakula cha jirani siku sita, mwonyeshe mahali unga ulipo, mwachie na maharage yaliyochambuliwa. Kisha kata tiketi.