Mgeni wa Eastlands: maswali ya kujibiwa kabla ya kufunga safari

Wageni wengi wanaoingia Nairobi hawaji kulala hotelini. Wanakuja kwa shangazi Umoja, kwa kaka aliyepanga Pipeline, kwa arusi Buruburu au kuchukua mali Eastleigh. Vitabu vya watalii huwapeleka wasomaji mbugani na Karen, kisha mitaa ya mashariki huigusa kwa onyo moja tu. Mimi nimekulia mitaa hii, naishi huku, na kazi yangu ni kutembeza wageni. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Je, Eastlands ni hatari kama tunavyosikia?

Wizi upo, nami sitauficha. Simu hunyakuliwa dirishani mwa matatu, mikoba hukatwa kwenye msongamano wa masoko ya Muthurwa na Gikomba, na vichochoro vingine havipitiki giza likiingia. Lakini humu wanaishi mamia ya maelfu ya watu wanaokwenda kazini alfajiri na kurudi jioni salama. Kinachowalinda ni kujulikana: na muuza mboga, na mlinzi wa geti, na fundi wa viatu pale kona. Wewe hujulikani, basi azima jina la mwenyeji wako. Siku ya kwanza mwombe akutembeze, umsalimie mwenye duka na msimamizi wa ploti. Ukishasalimiana nao, wewe ni mgeni wa fulani, na mtaa mzima unakuangalia.

Muulize mwenyeji pia kuhusu siku za maandamano. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, hukumbusha mkutano wa kudai vyama vingi uliopangwa uwanja wa Kamukunji mwaka 1990, na barabara za mjini zinaweza kufungwa siku hiyo.

Nahitaji hati gani?

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Kwa anayetoka mbali, kama Uingereza au Marekani, Kenya iliondoa viza Januari 2024 na badala yake kuna kibali cha eTA, kinachoombwa kwenye intaneti kabla ya safari. Acha mifuko ya plastiki nyumbani. Imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na sheria inaruhusu faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4.

Nifike saa ngapi?

Fika mchana. Ukitoka Mombasa kwa treni ya SGR, chagua ya asubuhi. Utashuka Syokimau jua lingali juu, na ipo treni ya kuunganisha abiria hadi stesheni kuu mjini. Basi la usiku likikushusha River Road kabla ya mapambazuko, kaa ofisini mwa kampuni ya basi hadi kuche. Usikubali mtu usiyemjua akubebee mzigo "akuonyeshe njia".

Mwenyeji kaniambia "niko Buruburu". Inatosha?

Haitoshi. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, ina fezi tano. Umoja pia imegawanyika, Dandora ina fezi zake, na Kariobangi ziko mbili, North na South, kila moja na njia yake. Namba ya nyumba haitakusaidia sana kwa kuwa watu huelekezana kwa alama: kanisa, kituo cha petroli, shule, soko la Mutindwa. Kabla ya kuondoka uwe na mambo matatu kwenye karatasi: namba ya matatu, jina la steji ya kushukia, na simu ya mwenyeji. Karatasi haiishi chaji.

Matatu nazipandaje?

Namba ndiyo njia. 58 ni ya Buruburu, 6 na 9 ni za Eastleigh. Uliza nauli kabla ya kupanda, kwa sababu hupanda jioni na mvua ikinyesha. Mwambie konda steji yako unapolipa, umkumbushe ukikaribia. Kaa mbali na dirisha lililo wazi ukitaka kushika simu, na begi liwe mapajani. Gari lililojaza watu hadi mlangoni liache liende, lingine linakuja. Kwa bodaboda, patana bei kwanza na udai helmeti. Usiku ni heri teksi ya kuitwa kwa programu, na uhakikishe namba ya gari kabla ya kuingia.

Nibebe pesa taslimu?

Kidogo tu, na ziwe noti ndogo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 imeenea hata kwa muuza sukuma wiki. Sajili laini kwa pasipoti yako kwenye duka rasmi. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina linalotokea. Ukipata ujumbe kwamba mtu "amekutumia pesa kimakosa", tazama salio lako kwanza, kisha mwelekeze kwa kampuni ya simu, usirudishe mwenyewe. Mchezo wa pata potea kando ya barabara upite bila kusimama. Wanaoonekana kushinda ni wenzao.

Hali ya hewa na afya?

Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wageni wa Pwani na Dar es Salaam huja na nguo nyepesi wakajuta, maana Juni hadi Agosti kuna baridi ya kweli. Beba sweta. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba kando ya Mto Mathare, kwa hiyo usipange chumba ukingoni mwa mto. Malaria si nyingi hapa kama Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Maji ya mfereji yachemshe, na usiyatumie ovyo, kwani mitaa mingi hupata maji kwa zamu na mwenyeji wako huenda anayanunua kwa mtungi. Ukiugua ukiwa Umoja au Kayole, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Namba za dharura ni 999 na 112.

Nina siku moja ya kutembea. Niende wapi?

Anza Gikomba asubuhi na mapema, mabelo ya mitumba yanapofunguliwa. Nguo nzuri huondoka kwanza. Pitia Pumwani, mtaa wa Waafrika wa tangu miaka ya 1920. Mchana kula nyama soko la Burma au Kariokor, na hapo Kariokor utapata vyondo na makubadhi. Kisha Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba za mawe na miti mikubwa, ambako ukumbi wa jamii ulikuwa jukwaa la siasa za Waafrika wakati wa ukoloni. Jioni rudi mtaani kwako kula chapati na madondo kibandani. Pumwani na Eastleigh zina Waislamu wengi, hivyo vaa kwa heshima.

Naweza kupiga picha Dandora, pale jaani?

Muulize kwanza mtu anayefanya kazi pale, na akikataa, weka simu mfukoni. Watu wanaochambua taka wako kazini, na wengi wamechoka kupigwa picha na wageni wasiorudi. Dandora ilianzishwa miaka ya 1970 kama mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ni mtaa wa shule, makanisa, misikiti na wanamuziki waliobeba hip hop ya Kiswahili, Kalamashaka wakiwa mbele. Ukitaka kuujua, nunua chakula pale, kaa, ongea na watu. Na kwa mwenyeji wako usiingie mikono mitupu: sukari, mkate na maziwa vinatosha.