Somo la Kikundi: Baba Mpya, Marafiki na Meza ya Karata

LENGO: Wana-kikundi wajue namna ya kumsaidia kijana aliyepata mtoto wa kwanza apange saa zake na pesa zake, bila kumtenga na marafiki zake.

MUDA: Saa moja na nusu.

VIFAA: Mbegu 48 za maharagwe, vijiti vinne vya kupigia kura (kimoja kiwe kifupi), karatasi kubwa na kalamu.

MASOMO YA BIBLIA: Luka 14:28-30 na 1 Timotheo 5:8. Someni kwa sauti kabla ya kuanza.

Utangulizi

Wapendwa wana-kikundi, huenda mmoja wenu atauliza: sisi tuko hapa kijijini, mambo ya Pipeline yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Pipeline iko Embakasi Kusini, Nairobi, jirani na Mukuru kwa Njenga. Vijana wetu wengi hufikia huko kwa sababu vyumba vya kupanga ni vingi na viwanda vya Industrial Area haviko mbali. Huko huoa na kupata mtoto. Mambo yakiharibika, basi la usiku linamleta mama na mtoto huku ushago, na nyanya ndiye anayeanza kutafuta unga na maziwa. Kwa hivyo somo hili ni letu.

1. Baba anatoka kwa nini?

Tusianze kwa kulaumu. Tuangalie nyumba yenyewe kwanza. Pipeline ni ghorofa juu ya ghorofa, saba, nane na hata zaidi, na zimebanana hata vyumba vya chini havipati jua. Familia nyingi zina chumba kimoja tu. Pazia ndilo ukuta. Mtoto akilia usiku, wote wako macho. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hivyo mtungi wa lita 20 hununuliwa chini na kupandishwa kwa ngazi.

Halafu sisi wenyewe tunamtuma mama mkwe aende kumwosha mtoto. Ni jambo jema. Lakini kwa mila za jamii zetu nyingi, mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja. Basi baba aende wapi? Anashuka ngazi. Huko chini kuna meza ya karata, kuna pool, kuna drafti, kuna mpira kwenye televisheni. Kuna watu wanaomwita kwa jina na kucheka naye. Tena mara nyingi ni hao hao wanaomwambia ni kiwanda gani kinaandika vibarua kesho. Marafiki si adui. Mwanamume asiye na rafiki mjini ni mtu wa kuhurumiwa.

Shida hii pia si ya maskini peke yao. Matajiri wanacheza gofu katika viwanja kama kile cha Muthaiga. Kuzunguka mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, halafu kuna vinywaji na mazungumzo. Jumamosi imekwisha hivyo. Mchezaji wa gofu akipata mtoto, mkewe anamuuliza swali lile lile linaloulizwa ghorofa ya sita kule Pipeline: "Utarudi saa ngapi?"

2. Mchezo na kamari si kitu kimoja

Mchezo una mwisho. Mkimaliza drafti tatu, mnaamka. Lakini pesa zikiwekwa mezani, saa ya kuamka inapotea. Aliyeshinda anakaa kwa sababu bahati iko kwake. Aliyeshindwa anakaa ili arudishe chake. Hakuna anayeweza kujibu lile swali la "Utarudi saa ngapi?"

Sasa tufanye zoezi.

(a) Watu wanne wakae mezani. Kila mmoja apewe mbegu 12. Kila "wiki" kila mtu aweke mbegu 3 katikati, jumla 12. Mwelekezaji aondoe mbegu 1 ya soda. Pigeni kura kwa vijiti. Mwenye kijiti kifupi achukue 11 zilizobaki. Rudieni mara nne. Hesabuni. Mbegu zilikuwa 48, sasa ni 44. Pengine kuna mmoja aliyejaa na mwingine ambaye hakuchukua hata mara moja.

(b) Rudisheni mbegu, kila mtu 12. Wekeni 3 kila wiki vile vile, lakini sasa ni merry-go-round: wiki ya kwanza achukue wa kwanza, wiki ya pili wa pili, mpaka wa nne. Hesabuni. Mbegu ni 48, na kila mtu amepata siku moja ya kushika 12 kwa pamoja, za kununua godoro au kulipa kodi ya nyumba.

(c) Mara ya tatu, mbegu zote za wiki ziingie mfukoni mwa mwelekezaji. Atoe chache tu ampe mmoja, wengine wapige makofi. Hii ndiyo kamari ya simu. M-Pesa ilianza 2007, na kuanzia miaka ya 2010 kubeti mpira kwa simu kumeenea kila mahali. Kampuni hupanga malipo yake ili ibaki na faida baada ya kulipa washindi wote. Kama si hivyo ingefunga milango. Hapa pesa hazibaki hata na rafiki. Zinaondoka mtaani kabisa.

Jadilini: watu ni wale wale, pesa ni zile zile. Ni nini kilichobadilika?

3. Hesabu ya Baba Baraka

Huu ni mfano wa kufundishia tu. Tumwite Baba Baraka. Anacheza karata jioni tatu kwa wiki, kutoka saa moja mpaka saa tano usiku, na kila jioni hupoteza shilingi 100. Anasema, "Mia moja ni kitu gani?" Andikeni kwenye karatasi:

Pesa: 100 mara 3 ni Sh. 300 kwa wiki. Wiki nne ni Sh. 1,200. Miezi mitatu ni Sh. 3,600.

Saa: 4 mara 3 ni saa 12 kwa wiki.

Mchango wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kiwango chake cha chini ni Sh. 300 kwa mwezi, yaani Sh. 3,600 kwa mwaka. Kumbe karata za miezi mitatu zinatosha kiwango hicho cha mwaka mzima.

Zile saa 12 ni ngumu zaidi. Pesa ikipotea unaweza kutafuta nyingine. Lakini baba anayetoka alfajiri mtoto amelala, na kurudi saa tano usiku mtoto amelala, anamjua mtoto wake kama picha ya ukutani. Naye mama ameshinda peke yake ndani ya chumba kimoja, mgongo unauma, maji yameisha. Ndoa nyingi huanza kuvunjika katika miezi hii ya kwanza, bila kelele.

4. Kazi za baba ambazo hazihitaji pesa nyingi

Mtoto anafaa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza:

- Kupandisha mitungi ya maji kabla ya kwenda kazini.
- Kumpeleka mtoto juu ya paa, pale nguo zinapoanikwa, apate jua la asubuhi kwa muda mfupi. Mtoto asiyepata jua yuko katika hatari ya matege. Amshike vizuri na akae mbali na ukingo.
- Kujua tarehe za chanjo: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua miezi 9 na miezi 18. Aandamane na mama kliniki hata mara moja tu.
- Kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto kabla ya miezi sita kupita. Baadaye inakuwa ni shughuli ya kuchelewa, na safari ni nyingi.
- Kumbeba mtoto saa moja jioni ili mama aoge na ale akiwa ametulia.

Sheria nayo inasema. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye mshahara kamili mkewe akijifungua. Wengi hawajui, na kibarua wa kutwa mara nyingi haifaidi. Lakini aliyeandikwa aulize.

5. Igizo

Wawili waigize. Rafiki anaita kutoka chini ya ngazi.

RAFIKI: Baba Baraka, shuka bwana! Tumebaki watatu, kiti chako ni kitupu.

BABA BARAKA: Leo ni zamu yangu na mtoto, jamaa yangu. Jumamosi nitakuja.

RAFIKI: Aa! Umekaliwa chapati na Mama Baraka!

BABA BARAKA: Chapati ni tamu, wewe. Jumamosi saa nane naingia, saa kumi na moja natoka. Na pesa siweki mezani.

RAFIKI: Sasa karata bila pesa ina raha gani?

Mwelekezaji asimamishe igizo hapa. Wana-kikundi watatu tofauti wajaribu kumjibu rafiki huyu bila kumtukana. Mmoja ajaribu kumvuta waanzishe merry-go-round na wale wale wanne.

6. Maswali ya majadiliano

1. Tunapomtuma nyanya mjini, je, tumemuuliza kijana atalala wapi? Jirani anaweza kumpokea nyanya usiku? Akae wiki mbili au miezi mitatu?

2. Kijana akipiga simu kuomba pesa kila mwezi, tunamuuliza nini kabla ya kutuma?

3. Katika kijiji chetu, bao, karata na busaa vinakula saa ngapi za baba zetu wenyewe? Tunaweza kumfundisha kijana jambo ambalo sisi hatufanyi?

4. Mama naye anapata siku gani ya kukaa na rafiki zake?

7. Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila mzazi aliye na kijana mjini mwenye mtoto mchanga ampigie simu wiki hii. Asianze na habari ya pesa wala ya karata. Amuulize mambo matatu: mtoto ana uzito gani kwenye kadi ya kliniki? Chanjo inayofuata ni tarehe ngapi? Wewe na mama mmepatana siku gani ni ya marafiki, na siku gani ni ya nyumbani? Akishindwa kujibu la kwanza na la pili, msimkemee. Mwambieni aifungue ile kadi jioni hiyo hiyo, akiwa amembeba mtoto.

Majibu yaletwe kwenye kikundi. Katibu ayaandike, na mweka hazina aeleze jinsi merry-go-round yetu inavyoendeshwa, ili tuwatumie vijana wetu mfano wa daftari lake.

Fungeni kwa sala, mkiwataja kwa majina watoto wote waliozaliwa mwaka huu, wa hapa na wa mjini.